Miezi 14 ya kujifunza kuchuchumaa upya

Bomba la chini ya sinki la jikoni lilianza kuvuja usiku wa manane. Nilichukua tochi na spana, nikafungua kabati, nikataka kuchuchumaa nione maji yanatokea wapi. Visigino viligoma kukaa chini. Nikapiga goti moja, nikaingiza kichwa na bega kabatini, nikanyoosha mkono wa kulia juu ya kichwa kuifikia nati. Nilipoanza kuikaza, kiuno kikakamaa. Sikuweza kwenda mbele wala kurudi nyuma. Nilibaki pale chini, shavu limegusa mbao zilizolowa, maji yakinidondokea sikioni, hadi mke wangu aliposhtuka usingizini akaja kunitoa, akinivuta taratibu kwa makwapa.

Wakati ule nilikuwa na miaka 41, na nilikuwa nimepiga vyuma jimu miaka 6 mfululizo. Nikilala kwenye benchi nilisukuma kilo 90. Kifua kilijaa, mikono ilijaa, watu walinisifu. Kwa hiyo kilichoniuma kuliko kiuno ni swali lililonikalia kichwani wiki nzima nikiwa kitandani: nguvu zote zile zilikuwa za kazi gani?

Jibu nimelipata kwa kuchelewa na kwa gharama, ndiyo maana naandika. Nilikuwa na nguvu za mikao minne mitano tu, karibu yote ya kukaa au kulala. Nje ya hiyo nilikuwa dhaifu sawa na mtu asiyefanya mazoezi kabisa. Mwili hujiimarisha pale unapotumika, na usipotumika hupaacha. Daktari Mjerumani Julius Wolff aliandika mwaka 1892 kwamba mfupa hujijenga kulingana na mzigo unaobebeshwa, na misuli na kano nazo zina tabia hiyo hiyo. Mimi nilikaa kitini saa 9 kazini, kisha jioni nikaenda kukaa kwenye mashine saa nzima. Mwili ukanipa nilichouomba.

Kiuno kilipopoa nilijitibu mwenyewe, na hapo ndipo nilipofanya kosa la kwanza. Niliamini misuli yangu imekuwa mifupi na dawa yake ni kuivuta. Nilinunua programu ya mazoezi ya kunyoosha mtandaoni, pamoja na mikanda ya mpira na mipira ya kukandia. Vyote kwa jumla vilikula karibu nusu ya mshahara wa mwezi. Kila alfajiri, mwili bado haujapata joto, nilikaa sakafuni miguu imenyooka, nikapitisha taulo kwenye nyayo, nikajivuta mpaka machozi yakanilengalenga. Baada ya wiki 3 nikaanza kusikia sindano nyuma ya goti la kushoto, kisha ganzi ikishuka hadi kwenye wayo. Nikadhani ndio misuli inaachia. Nikaongeza bidii. Niliendelea hivyo miezi 2.

Mtaalamu wa tiba ya viungo niliyemwendea hatimaye alikuwa binti mdogo kuliko mimi, mpole lakini asiyezunguka. Alinisikiliza, akaniuliza ganzi inapita wapi, akanichorea kwa kidole kutoka kwenye kalio hadi unyayoni. "Kaka, hicho unachokivuta kila asubuhi si msuli. Ni mshipa wa fahamu, na wenyewe haupendi kuvutwa." Kisha akanilaza chali na kuniambia niinue mguu wa kulia juu bila kukunja goti. Nikauinua, ukasimama mahali ukaanza kutetemeka. Akaushika kisigino, akaniambia niulegeze, akauinua yeye. Ukapanda shubiri nzima na zaidi, bila maumivu.

"Umeona? Nafasi unayo. Huna nguvu ya kuitumia."

Maneno hayo mawili matatu yaligeuza kila kitu. Alinieleza kwamba ile hali ya kukaza tunayoisikia mara nyingi si urefu wa msuli, ni ulinzi. Ubongo unausimamisha mguu pale unapokosa uhakika kwamba misuli inaweza kuudhibiti. Ukiuvuta kwa nguvu, unapigana na mlinzi. Ukiujengea nguvu pale pale mwisho wa nafasi, mlinzi anaona pako salama, na siku inayofuata anakuruhusu kusogea kidogo. Tangu siku ile nimeacha kujiuliza "nikaze kuvuta kiasi gani?" Najiuliza "nina nguvu gani nikiwa hapa?"

Zoezi alilonipa mahali pa taulo lilikuwa dogo kiasi kwamba nilitaka kulidharau. Simama, shika mzigo mwepesi kwa mikono miwili, legeza magoti kidogo, sukuma makalio nyuma kama unafunga droo nayo, mgongo umenyooka, shuka ukihesabu hadi 5. Ukifika mahali nyuma ya mapaja panapokaza, tulia kwa pumzi moja, kisha panda. Mara 8, mizunguko 3, siku 3 kwa wiki. Ganzi ilitoweka ndani ya mwezi mmoja kwa sababu niliacha kuuchokoza ule mshipa. Wiki ya 9 vidole vyangu viligusa sakafu kwa mara ya kwanza tangu nilipokuwa shuleni, na sikuwa nimekaa chini na taulo hata siku moja.

Nisimame kidogo hapa. Ukiwa na maumivu ya kiuno na ukaona miguu inaishiwa nguvu, au huhisi ngozi kati ya mapaja, au mkojo unashindwa kuuzuia, usitafute zoezi. Nenda hospitali saa hiyo hiyo. Hayo ni ya dharura.

Vipimo viwili vilinisaidia kujua nilipo, na vyote havihitaji kifaa cha mazoezi. Cha kwanza ni kukaa sakafuni na kusimama. Mtafiti wa Brazili, Claudio Gil Araújo, na wenzake ndio waliokifanya kijulikane, baada ya kuwapima watu 2,002 wa miaka 51 hadi 80 na kuchapisha matokeo mwaka 2012: waliopata alama za chini sana walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufariki katika miaka iliyofuata. Unaanza na alama 5 za kukaa na 5 za kusimama. Kila unapoegemea mkono, goti, au ubavu wa mguu unakatwa 1. Ukiyumba unakatwa nusu. Mimi nilipata 6 na nusu kati ya 10. Nilitumia mikono yote miwili na goti kusimama, na nilikaa kwa kujidondosha. Sikulala vizuri usiku ule.

Cha pili ni cha kifundo cha mguu. Weka wayo mbele ya ukuta, peleka goti liguse ukuta bila kisigino kuinuka, kisha rudisha mguu nyuma kidogo kidogo hadi pale goti linapogusa kwa shida. Pima kutoka kidole gumba hadi ukutani. Sentimita 10 hivi huhesabiwa kuwa ni nzuri. Kulia nilikuwa na 7, kushoto 3. Mguu wa kushoto niliwahi kuutegua nikiwa na miaka 19, nikaufunga bandeji wiki moja, nikausahau. Miaka 22 baadaye ndio ulionizuia kuchuchumaa chini ya sinki, na kiuno kikalipa deni la kifundo.

Basi tungetegemea kwamba baada ya somo la taulo nilitulia. Sikutulia. Nilisoma habari za kutembea peku na viatu vya soli nyembamba, nikaelewa kuwa wayo una mifupa 26 na viungo 33, na kwamba nilikuwa nimevifungia ndani ya viatu vizito maisha yangu yote. Hayo ni kweli. Nilichofanya baada ya kuelewa ndicho kilikuwa kosa: Jumamosi moja nilivigawa viatu vyangu vya kukimbilia, nikavaa vipya vya soli nyembamba, nikakimbia kilomita 5 kwenye barabara ya lami. Nilijisikia mwepesi ajabu. Nikarudia Jumatatu, na Jumatano. Wiki ya 3 juu ya wayo wa kulia, kwenye mfupa mrefu unaoelekea kidole cha pili, pakavimba. Ukipabonyeza kwa ncha ya kidole unaruka.

Picha ya kwanza ya eksirei haikuonyesha kitu, nikafurahi, nikaendelea kutembea nao. Sikujua kwamba ufa wa aina hii, unaotokana na mzigo kurudiwarudiwa, mara nyingi hauonekani kwenye eksirei katika wiki za mwanzo. Picha ya pili, wiki 3 baadaye, ilionyesha mfupa umeanza kujiunga. Wiki 6 za kiatu kigumu na mkongojo. Nilimkuta mke wangu akinibebea mizigo ambayo mimi ndiye nilipaswa kuibeba, na kila siku iliyopita nilikuwa na hasira na mwili wangu kana kwamba ndio ulionikosea.

Kitu ambacho ningependa mtu angenieleza kabla ya Jumamosi ile ni hiki: sehemu za mwili hazijengeki kwa mwendo mmoja. Misuli huanza kuitikia ndani ya wiki chache. Pumzi nayo huja haraka. Kano na mifupa huhitaji miezi. Ndiyo maana wiki ya 3 ni ya hatari. Unajisikia una nguvu, na kweli misuli inazo, lakini mfupa na kano bado viko pale pale vilipokuwa. Nilipoanza tena nilivaa viatu vile dakika 10 tu kwa siku, kutembea ndani ya nyumba, nikaongeza dakika 5 kila wiki. Kukimbia navyo nilianza baada ya miezi 5. Na sikimbii navyo umbali wote hadi leo, sioni aibu ya hilo.

Kuning'inia nako kulinipa somo la aina hiyo hiyo, nalipitia haraka: niliweka bomba mlangoni, nikaning'inia kwa uzito wangu wote mpaka mikono ishindwe, mara kadhaa kwa siku, na baada ya mwezi upande wa ndani wa kiwiko ukawa unaniuma hata kufungua kifuniko cha chupa. Dawa yake ilikuwa kuweka miguu kwenye stuli ili ibebe sehemu ya uzito, sekunde 10 kwa sekunde 10, jumla ya dakika 1 kwa siku, na kupunguza badala ya kuacha kabisa. Yule dada wa tiba ya viungo alinipa kipimo ambacho sasa nakitumia kwa kila zoezi: maumivu yakiwa 3 kati ya 10 na kesho yake asubuhi yamerudi yalipokuwa, endelea. Asubuhi yakiwa makubwa kuliko jana, ulizidisha, punguza. Asubuhi ndiyo inayosema kweli. Wakati wa zoezi lenyewe mwili ukiwa moto hudanganya.

Kuchuchumaa kwenyewe ndiko nilikokaa nako muda mrefu kuliko yote. Nilianza na kitabu kinene cha sentimita 4 chini ya visigino, nikishika miimo ya mlango kwa mikono yote miwili, nikijishusha kama mtu anayeteremka kisimani kwa kamba. Mara ya kwanza sekunde 20 zilitosha kuyawasha mapaja moto. Nilikuwa nikifanya maji ya chai yakichemka, vipande vya sekunde 30, hadi kufikia dakika 3 kwa siku. Miezi 2 mikono kwenye miimo, kisha mkono mmoja, kisha vidole tu. Kitabu nikakibadilisha na chembamba, halafu chembamba zaidi. Pembeni nilifanya kazi ya kifundo: nasimama ukingo wa ngazi kwa vidole vya miguu, naushusha mguu mmoja polepole mpaka shavu la mguu livutike, napanda kwa miguu yote miwili. Kwa goti lililonyooka, kisha kwa goti lililokunjwa, maana ni misuli tofauti inayofanya kazi.

Jambo moja lilinichelewesha bure. Nilikuwa nimeona mtu akichuchumaa vidole vya miguu vimeelekea mbele kabisa, nikaamini ndiyo sahihi, na kila nikimwiga nilisikia kitu kinabana kwenye kinena. Wiki nyingi nikipambana na huko kubana. Kumbe nyonga za watu hazifanani. Kina cha tundu la nyonga na jinsi mfupa wa paja ulivyoelekea hutofautiana mtu na mtu, na hakuna zoezi linalobadilisha umbo la mfupa wa mtu mzima. Nilipogeuza nyayo nje kidogo na kupanua miguu, kule kubana kukaisha siku hiyo hiyo. Sasa mtu akiniuliza aweke miguu vipi, namwambia ajaribu mpaka apate mahali panapomruhusu kushuka bila kubanwa, kisha magoti yafuate vidole vinakoelekea.

Katikati ya safari nilikutana na habari za Georges Hébert, afisa wa jeshi la majini la Ufaransa aliyezaliwa mwaka 1875. Mwaka 1902 alikuwa akihudumu huko Martinique wakati mlima Pelée ulipolipuka na kuuteketeza mji wa Saint-Pierre. Baadaye alijenga mfumo wa mazoezi wenye makundi 10 ya mwendo: kutembea, kukimbia, kuruka, kwenda kwa miguu na mikono, kupanda, kushika usawa, kurusha, kunyanyua, kujihami na kuogelea. Kanuni yake ilikuwa kuwa na nguvu ili uwe na faida kwa wengine. Niliyaandika makundi hayo kwenye karatasi, nikaweka alama kwa yale niliyoyafanya ndani ya miaka 6 ya jimu. Nilipata alama moja na nusu.

Kwa hiyo nikaanza kuyaongeza, moja baada ya jingine, kwa vipande vidogo. Kutambaa kwa mikono na vidole vya miguu, magoti yameinuka kiasi cha upana wa kiganja, mkono wa kulia ukienda pamoja na mguu wa kushoto: sekunde 40 zilinimaliza pumzi, mimi wa kilo 90 za benchi. Kama viganja vinauma, weka mikono kwenye kiti na ufanye ukiwa umeinama; uzito hupungua sana. Kubeba ni rahisi kupima, kwa sababu lita 1 ya maji ni kilo 1. Nilianza na dumu la lita 10 mkono mmoja, nikatembea hatua 40, nikabadilisha. Mzigo wa upande mmoja unaulazimisha ubavu wa pili kushika mwili usilale, na hiyo ndiyo nguvu niliyoikosa siku ya sinki. Kushika usawa nilifanya kwa kutembea juu ya ubao uliolazwa chini, kwanza macho mbele, kisha nikigeuza kichwa kulia na kushoto. Na kila asubuhi nikakaa sakafuni na kusimama mara 10, kila mara kwa njia tofauti.

Vilikuwapo vitu nilivyopoteza. Kwa miezi 8 sikugusa benchi, kifua kikapungua, mashati yakanilegea mabegani, na watu wawili wakaniuliza kwa upole kama naumwa. Iliniuma. Nilikuwa nimejijua kwa kile kifua. Zilikuwapo pia wiki ambazo kipimo cha ukutani kilikataa kusogea hata milimita, na wiki niliyorudi nyuma baada ya safari ndefu ya kukaa kwenye gari. Nilichojifunza ni kupima mara moja tu kwa mwezi, tarehe 1, saa ile ile, na kuandika. Nilipokuwa napima kila siku nilikata tamaa kila siku. Vyuma nimevirudia sasa, siku 2 kwa wiki, kiasi ambacho hata Shirika la Afya Duniani linakitaja kuwa cha chini kwa mtu mzima katika miongozo yake ya mwaka 2020. Ila siku hizi nashuka hadi chini kabisa, kwa uzito mdogo.

Mwezi wa 14 nilijipima tena sakafuni, nikapata 9. Kifundo cha kulia 11, cha kushoto 8. Huo wa kushoto nadhani utabaki nyuma daima, nami nauhudumia hivyo hivyo.

Mwezi huo huo baba alifanyiwa upasuaji wa nyonga, akaja kukaa kwetu. Ana miaka 74 na bado ni mtu mzito. Siku ya tatu aliteleza taratibu kutoka kwenye kiti kifupi akakaa sakafuni. Hakuumia, lakini hakuweza kuinuka. Nilichuchumaa mbele yake, visigino chini, nikapitisha mikono chini ya makwapa yake, nikamwambia aegemeze kidevu begani kwangu. Nikavuta pumzi, nikasukuma ardhi kwa miguu. Akapanda kama mzigo ninaoujua. Nilisikia pumzi yake sikioni. "Taratibu, mwanangu," akasema, ingawa tulikuwa tayari tumesimama.

Sasa ana zoezi lake, kwa ruhusa ya daktari wake. Tumeweka kiti imara, mgongo wa kiti ukigusa ukuta, na mito miwili juu yake. Anasimama na kukaa mara 5, asubuhi na jioni, akishuka huku mimi nikimhesabia hadi 4 asijidondoshe. Wiki iliyopita tulitoa mto mmoja. Jana aliniuliza ule wa pili tunautoa lini, nikamwambia tutaangalia atakavyoamka kesho.